Maswali ya Wasomaji: Baiskeli, Reli ya Butere na Msitu wa Kakamega

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina umri wa miaka 61 na ninaishi Kisumu. Napenda sana kuendesha baiskeli, lakini kila nikijaribu kwenda Kakamega hupungukiwa na nguvu baada ya Kiboswa, na malori ya barabara kuu hunitia hofu. Je, huku kwetu kuna njia isiyo na milima mikali ambako mtu anaweza kupita mashambani na kuona kazi za watu wa zamani? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usiulaumu umri wako, kwa maana barabara hiyo huwatoa jasho hata vijana. Mito ya upande huu, kama Yala na Isiukhu, huteremka kutoka nyanda za juu za mashariki ikielekea magharibi, ilhali barabara ya Kisumu hadi Kakamega inakwenda kaskazini, hivyo inalazimika kushuka katika kila bonde na kupanda tena ng'ambo yake. Anayetaka safari ya pole afanye mojawapo ya mambo mawili: afuate mgongo wa ardhi badala ya kuyakata mabonde, au aifuate reli.

Mimi nakushauri uifuate reli. Garimoshi la mvuke halikuweza kupanda mlima wa ghafla likiwa na mzigo, kwa hiyo wahandisi walitafuta mahali ambapo ardhi inainuka kidogo kidogo, na pale walipokosa, waliizungusha njia hata kama safari ingekuwa ndefu zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake likafikishwa Butere kupitia Maseno, Luanda na Yala. Waliolipima tawi hilo walikuwa wakiufikiria mzigo wa mahindi, lakini mwendesha baiskeli wa leo ananufaika na hesabu zao bila kulipa chochote.

Kipande kigumu ni kile cha kutoka Kisian hadi Maseno, ambako unapanda zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa ziwa, tena katika barabara ya Busia yenye malori mengi ya mafuta. Sioni sababu ya wewe kuteseka hapo. Pakia baiskeli kwenye keria ya matatu asubuhi, ushukie Luanda, kisha uanze safari ukielekea Yala, Butere na hatimaye Mumias. Umbali wote hauzidi kilomita 50, na kwa kuwa Luanda iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na Mumias takriban mita 1,300, kwa jumla utakuwa unateremka. Usigeuze mwelekeo na kuanzia Mumias, kwa sababu utajikuta unapanda jua likiwa kali na miguu ikiwa imeshachoka.

Mahali barabara inapoikata reli, shuka kidogo utazame. Reli hii ni ya upana wa mita moja, na ubavuni mwa chuma chenyewe mara nyingi utaona herufi na tarakimu zilizochomoza kupitia kutu, ambazo ni jina la kiwanda na mwaka ambao chuma hicho kilitengenezwa. Zipapase kwa kidole na utausoma umri wa chuma hicho pasipo kuhitaji kibao cha makumbusho. Hata hivyo usitembee juu ya mataruma, wala usidhani kwamba njia imekufa kwa kuwa majani yameota kando yake. Unapovuka ukiwa juu ya baiskeli, ivuke reli ukiwa umenyooka kabisa kuikabili, kwa maana tairi jembamba likiingia mshazari hunasa katika mwanya au huteleza juu ya chuma kilicholowa, na mtu huanguka kabla hajajua kilichomwangusha.

Kuanzia Butere mashamba ya mahindi na migomba huanza kuchanganyika na miwa, na ukikaribia Mumias miwa hutawala. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza uzalishaji mwaka 1973 na kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini, kabla ya madeni kukifikisha mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2019. Tafadhali upite hapo polepole. Ukiuangalia mtandao wa njia za mashambani zinazoingia barabara kuu, utaelewa jinsi wilaya nzima ilivyopangwa kwa ajili ya trekta la miwa, na jinsi familia nyingi zilivyoyategemea malipo ya kiwanda hicho. Mji wenyewe ni mkongwe kuliko sukari: hapa palikuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949, na misafara ya biashara kutoka pwani ilipumzika hapa kabla ya reli kuwako. Nionavyo mimi, hakuna safari nyingine ya nusu siku katika magharibi inayomwonyesha mtu mambo mengi kiasi hiki kwa jasho dogo.

Tahadhari moja tu: trekta la miwa huvuta tela zaidi ya moja, na tela la nyuma huyumba. Likikupita, toka kwenye lami kabisa usubiri. Vipande vya miwa vilivyoanguka barabarani navyo huviringika chini ya tairi, kwa hiyo vizunguke badala ya kuvikanyaga.

SWALI: Nina baiskeli ya Black Mamba niliyorithi kwa babu. Marafiki zangu wenye baiskeli za mashindano wanasema siwezi kwenda nao safari ndefu. Je, ninunue nyingine? – Kijana, Butere

JIBU: Usinunue kwanza. Baiskeli hiyo ni nzito, yapata kilo 20, na haina gia za kubadilisha, lakini ilitengenezwa kwa barabara kama zetu, na magurudumu yake makubwa ya inchi 28 hupita juu ya mashimo ambayo yangelipasua tairi jembamba la wenzako. Kinachokuchosha mlimani ni uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma. Mwombe fundi aondoe friwili ya nyuma yenye meno 18 na kuweka yenye meno 20 au 22, kisha arefushe cheni ikibidi. Utapoteza kasi kidogo kwenye tambarare, lakini utapanda ukiwa umeketi mahali ambapo sasa unashuka na kusukuma.

Jambo la pili ni breki. Zile za vyuma vya fito hubana ringi kwa mpira, na ringi ikilowa nguvu yake hupungua sana, kwa hiyo kabla ya mteremko wowote wakati wa mvua zibonyeze kidogo mara kadhaa ili kuifuta ringi, na uanze kupunguza mwendo mapema kuliko ulivyozoea. Mpira ukiwa umeliwa hadi chuma kikakaribia, ubadilishe siku hiyo hiyo, maana gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na hatari. Inua pia kiti: pedali inapokuwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Vijana wengi wanaendesha wakiwa wamekaa chini mno kwa kuwa baiskeli ilipimwa kwa mtu mwingine, kisha wanayalaumu magoti yao.

Hao marafiki zako nao wana lao la kurekebisha. Kama wanatumia tairi za milimita 23, waweke za 28 au 32 ikiwa fremu inaruhusu, wala wasizijaze upepo hadi ziwe ngumu kama mawe, kwa sababu lami yetu ina viraka, na murram iko karibu kila unapokata kona. Kila mmoja abebe tyubu ya akiba, gundi, viraka na pampu. Mafundi wapo karibu katika kila soko, lakini pancha haingoji ufike sokoni.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama kumi wa Kakamega tunaotaka kuendesha baiskeli siku moja ya Jumamosi. Tungependa kuona msitu, na pia mahali dhahabu ilipochimbwa zamani. Je, yote mawili yanawezekana kwa siku moja, na je, ni salama kuingia kwenye yale mashimo? – Mwenyekiti wa chama, Kakamega

JIBU: Mama, yanawezekana, na kwangu mimi ndiyo siku bora kabisa mnayoweza kujipangia. Nitaanza na la usalama: msiingie kwenye shimo lolote. Mashimo ya wachimbaji wadogo hayana uzio, kingo zake hubomoka hasa baada ya mvua, na mengine yamefunikwa na magugu. Pale dhahabu inaposafishwa kwa zebaki, msiguse maji wala matope, na msiwaruhusu watoto kucheza hapo. Tazameni mkiwa njiani, na mkitaka kusogea karibu muwaulize wenyeji.

Rosterman, palipochimbwa dhahabu zamani, iko karibu na mji, kwa hiyo anzieni huko asubuhi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, walowezi waliokuwa wamefilisika kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na nzige walikuja kwa mamia kutafuta riziki, nao wenyeji wa maeneo hayo wakaona miti ya kuweka mipaka ikipigwa katikati ya mashamba yao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ya hifadhi haitachukuliwa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine, lakini ilirekebishwa mwaka 1932 ili uchimbaji uendelee pasipo fidia hiyo. Kampuni ya Rosterman, iliyokuwa kubwa kuliko zote hapa, ilifunga kazi mwaka 1952, na mpaka leo wajukuu wa wale waliopokonywa mashamba wanachimba kwa mikono katika udongo ule ule. Nawasihi mpite hapo kwa heshima, kwa kuwa watu mtakaowaona wako kazini.

Kisha shikeni barabara ya Kisumu. Ilesi mtaliona Jiwe Linalolia upande wa barabara, na akina mama wafinyanzi wakiuza vyungu. Mkifika Khayega geukeni kushoto kuelekea Shinyalu, na kutoka hapo endeleeni hadi Isecheno, kituo cha msitu kilicho chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ambako mtalipa kiingilio na kupata mwongozaji. Mchukueni mwongozaji hata kama mnadhani mnaijua njia, kwa maana yeye ndiye atakayewaonyesha mbega wenye manyoya meupe yanayoning'inia mabegani, na ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu ambaye husikika muda mrefu kabla ya kuonekana.

Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, katika miaka ile ile ya mbio za dhahabu, na ni mabaki ya mashariki kabisa ya aina ya msitu wa mvua unaotoka bonde la Kongo. Ndani yake kuna viwanja vya nyasi ambako miti inakoma ghafla na anga inafunguka, na ni vizuri kupumzika ukingoni mwa kiwanja kama hicho, kwa sababu ndege wa msituni na wa nyikani hukutana hapo. Mkiwa na nguvu, ziacheni baiskeli kituoni mpande kilima cha Lirhanda kwa miguu: juu mtauona msitu wote ukitandazwa hadi ukingo wa Nandi, na ubavuni mwake kuna handaki la zamani la watafuta dhahabu ambalo sasa linakaliwa na popo. Hilo nalo litazameni kutoka mlangoni.

SWALI: Ni saa ngapi inafaa kuanza safari, na ni miezi ipi isiyo na mvua? – Msomaji, Yala

JIBU: Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu mwanga unapotosha, na panga kuwa umefika kabla ya saa nane mchana. Katika eneo letu joto la asubuhi huvuta mvuke kutoka ziwani na msituni, mawingu hukusanyika juu ya nyanda za juu, na mvua yenye radi hushuka alasiri. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi, ingawa Kakamega haikosi mvua mwezi wowote. Radi ikianza, usijikinge chini ya mti ulio peke yake wala usiendelee kuendesha kwenye mgongo wa kilima ulio wazi. Ingia katika nyumba au duka lililo karibu na usubiri. Murram nyekundu iliyonyeshewa huganda kwenye tairi hadi gurudumu lisizunguke, kwa hiyo hata mvua ikikatika, rudi kwa njia ya lami.