“Itafuta” au “itatafuta”? Maelezo ya zana zinazosomwa na akili mnemba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika programu katika ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa Tanga. Tumeanza kutumia akili mnemba ambayo huchagua yenyewe zana za kompyuta na kuziendesha, nasi huieleza kila zana kwa Kiswahili. Moja nimeieleza hivi: “Zana hii itafuta rekodi za mzigo kwa namba ya kontena.” Mwenzangu ameikataa sentensi hiyo, akisema ina hatari. Mimi naona ni Kiswahili sahihi. Nani kati yetu ana haki? Na saa ya meli kufika niiandikeje? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana haki, ingawa nawe hukukosea sarufi. “Itafuta” ni neno lisilo na doa, ila halisemi ulichokusudia. Kitenzi “kufuta” kikiingia katika wakati ujao huchukua “-ta-” na kuwa i-ta-futa, yaani zana hiyo itaziondoa rekodi. Kitenzi “kutafuta” kina “ta” yake tayari ndani ya mzizi, kwa hiyo wakati ujao wake ni “itatafuta”, wenye “ta” mbili zinazofuatana. Ulimi ukienda mbio humeza moja, na mkono huufuata ulimi.

Mtego huo haukuishia hapo. Ukiandika “rekodi zitafutwe” umeagiza zitafutwe zilipo. Ukiandika “rekodi zitafutwa” umetangaza kwamba zitaondolewa. Irabu moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha kupata na kupoteza, na hakuna kikagua tahajia kitakachokuonya, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika lugha.

Karani wa bandarini akiisoma sentensi yako atacheka, kisha atakuuliza ulimaanisha nini, maana anajua hakuna mwenye akili timamu anayeondoa rekodi za mzigo ambao bado uko gatini. Akili mnemba haikukaa nanyi ofisini. Kinachoifikia ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya taarifa inazopokea. Ndivyo zana zinavyotangazwa, kwa mfano, katika itifaki ya Model Context Protocol, yaani kanuni za kuiunganisha akili mnemba na zana, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024. Huenda ikakisia vyema kutokana na jina, lakini jina likisema “tafuta” na maelezo yakisema “itafuta”, umeipelekea mashahidi wawili wasiokubaliana. Itifaki hiyo ina pia alama za kuonyesha kama zana inasoma tu au inaweza kuharibu data. Zitumieni, ila zisiwe kisingizio cha kuacha sentensi iliyopinda.

Kinachonitia hofu zaidi ni kinyume cha kosa lako. Siku mtakapokuwa na zana ya kuondoa rekodi kwelikweli, mtu ataieleza kwa “itafuta”, naye atakuwa sahihi kabisa kisarufi, lakini msomaji aliyezoea makosa ya wenzake, awe mtu au mashine, ataidhani ni ya kutafuta na kuiita bila wasiwasi. Ndiyo maana ninashauri wakati ujao usitumike kabisa kwa vitenzi hivi viwili katika maelezo ya zana.

Badala yake tumia “-na-”: “inatafuta” na “inafuta” haviwezi kuchanganywa hata kwa haraka. Wengi hupenda “hu-” ya mazoea, nami naipenda kwa uzuri wake, lakini ina shimo lake: “hutafuta” ni zana itafutayo kila mara, na pia ni “wewe hutafuta”, yaani hutaondoa. Ikitanguliwa na “zana hii” utata huisha, kwani kanusho lake lingekuwa “haitafuta”. Ikiachwa peke yake mwanzoni mwa mstari, kama waandishi wa programu wapendavyo kubana maneno, utata hubaki. Kitenzi-jina nacho ni salama: “zana ya kutafuta”, “zana ya kufuta”.

Hata “kufuta” penyewe pana jambo. Tunafuta ubao, na maandishi hayaonekani tena. Tunafuta kesi, na jalada linabaki kabatini. Katika kazi yenu ya forodha tofauti hiyo ni kubwa. Tamko lililositishwa lakini linaloendelea kuonekana katika mfumo, semeni “limebatilishwa”. “Kufuta” ibakie kwa kile kinachoondoka, na mwongeze wazi kama kinaweza kurudishwa au hakiwezi.

Kuhusu saa nitakuwa mfupi. “Saa mbili” ya Tanga ni 08:00 au 20:00, nayo mashine iliyofunzwa kwa maandishi mengi ya kigeni yaweza kuielewa kuwa 02:00. Andika saa kwa tarakimu za mfumo wa saa 24, pamoja na tarehe inayoanza na mwaka na “+03:00”, yaani saa tatu ambazo Afrika Mashariki imeitangulia saa ya kimataifa (UTC). Jihadhari vilevile na “usiku wa Ijumaa”: kwa wazee wetu wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapotua, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ilhali kijana wa ofisini atauweka baada ya Ijumaa kuisha.

Maelezo yako, basi, ningeyaandika hivi: “Zana hii inatafuta rekodi za mzigo kwa namba ya kontena na kuzionyesha. Haibadilishi wala haiondoi rekodi yoyote. Namba ya kontena ni ya lazima: herufi 4 zikifuatwa na tarakimu 7, bila nafasi. Muda wa meli kufika unaonyeshwa hivi: 2025-03-14T08:00+03:00. Rekodi isipopatikana, jibu ni orodha tupu. Hilo si hitilafu.”