Jibu: Ufukwe tulivu Uganda? Nenda Ssese
Dada, umeuliza kama Uganda isiyo na bahari ina kijiji cha ufukweni chenye utulivu, ndege na mila. Kipo! Nenda visiwa vya Ssese, 84 kwa jumla, ndani ya Ziwa Victoria. Anzia Bugala, kikubwa kuliko vyote, ulale ufukweni Lutoboka; msitu unashuka hadi karibu na mchanga na hondohondo ndio watakaokuamsha. Feri ya kutoka Bukakata, upande wa bara, hadi Luuku kisiwani Bugala haina nauli. Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, Ssese ni kwa Mukasa, lubaale (mungu wa jadi) wa ziwa. Hekalu lake liko kisiwa cha Bubembe, kwa hiyo omba ruhusa kwa wenyeji kabla hujasogea. Inaniuma sana jinsi michikichi ilivyomeza msitu Bugala. Na kichocho kipo ziwani, usioge penye matete.