Nilidhani Ni Kichomi

Juzi dada mmoja aliniandikia. Mdogo wake amelazwa, ana mirija miwili kifuani, mmoja kila upande, naye anauliza kama kweli mtu anaweza kusinyaa mapafu yote mawili kwa mpigo. Anaweza, dada. Mimi yalinikuta, na huu ni mwaka wa sita bado napumua.

Nilikuwa nimekaa tu. Sikuinua mzigo, sikukimbia. Kitu kikanichoma chini ya bega la kulia, na kila nikivuta pumzi kinachoma upya. Nikasema kichomi, nikameza dawa ya maumivu. Kesho yake daktari mmoja alinisikiliza kifua juu juu, akasema nina msongo wa mawazo, nikapumzike. Huwa nasema nimemsamehe, lakini kila nikifika hapa kidole hugonga herufi kwa nguvu zaidi.

Siku ya nne kushoto nako kukaingia. Sikuweza kumaliza sentensi, midomo ikageuka rangi. Eksirei ikaonyesha hewa imevujia kati ya mapafu na ukuta wa kifua, imeyabana mpaka yamejikunyata. Likisinyaa pafu moja, la pili humbebea mwenzake. Mimi sikuwa na wa kunibebea. Wakaniwekea oksijeni, ganzi, wakachana kidogo kati ya mbavu na kupitisha mirija. Ncha ya nje huzamishwa kwenye chupa ya maji, hewa itoke kwa mapovu isirudi. Usiku kucha nilikuwa nahesabu mapovu kama mtu anayehesabu deni.

Kushoto mapovu yalikoma siku ya tatu. Kulia yakagoma, ikabidi upasuaji wa kamera: wakakata malengelenge yaliyokuwa kileleni mwa pafu, wakakwangua utando wa ndani ya kifua ili pafu ligande ukutani. Wengine hupuliziwa unga wa talki kwa kazi hiyohiyo.

Malengelenge hayo ndiyo yaliyopasuka. Nilikuwa kijana, mrefu, mwembamba, mvuta sigara, yaani nimetimiza masharti yote. Wengine huponzwa na kifua kikuu, nimonia ya wenye upungufu wa kinga, ajali ya kifua, mashine ya kupumulia, hata sindano iliyopitiliza ilipotafuta mshipa chini ya mtulinga. Wapo pia waliorithi udhaifu huo kwa wazazi.

Sasa ushauri, maana ndio mliouomba. Kichomi cha ghafla kinachokata pumzi, dai picha. Ukiambiwa ni mawazo, dai picha. Na acheni sigara! Bangi nayo, msinikonyeze. Ninyi mnaoniuliza dawa ya mapafu huku mnapuliza moshi dirishani mnanichosha. Ugonjwa huu hupenda kurudi, hasa kwa asiyepasuliwa, na anayeendelea kuvuta anauita kwa jina. Ndege usipande mpaka picha ionyeshe pafu limejaa na daktari akuruhusu. Kupiga mbizi na mtungi wa hewa mimi nimeshasahau, ingawa ndiyo ilikuwa ndoto yangu, na bado inaniuma.

Dada, ukienda wodini leo mwambie aketi wima, akohoe ijapokuwa inauma, na chupa zote mbili zibaki chini ya usawa wa kifua hata akienda msalani. Akisinzia, pekua mifuko ya suruali yake.