Usimpe tena hiyo septrini
Pole sana dada. Umeuliza kama umalizie dozi ya septrini wakati mtoto ametoka vipele na vidonda mdomoni. Hapana, usimpe tena, chukua bajaji mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Septrini ni dawa ya salfa, na dawa za salfa zinaweza kubabua ngozi mpaka macho yakaumia. Beba na chupa yenyewe! Mimi nilimkimbiza wangu mikono mitupu, daktari akauliza kapewa dawa gani, nikabaki kusema "ile nyeupe ya maji". Hadi leo inaniuma. Wakithibitisha ni dawa, jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na waombe wapeleke taarifa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Hata mzazi mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.