Dada, naomba orodha ya maneno magumu

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeko Morogoro. "Dada, habari za kazi. Nafanya IELTS mwezi ujao. Naomba unitumie ile orodha ya maneno magumu uliyotumia mpaka ukapata 7 kwenye kuandika. Mimi kila nikifanya mazoezi naishia 5.5."

Nilitaka kumjibu palepale nikashindwa, maana hiyo 5.5 naijua. Nimelala nayo na kuamka nayo karibu mwaka mzima. Nikaona niandike hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnakitafuta kilekile nilichokuwa nakitafuta mimi: nafasi ya kusoma nje, na mtihani huu wa Kiingereza, ambao alama yake ya juu ni 9, umekaa mlangoni.

Mara ya kwanza nilipata kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuongea 6.5, kuandika 5.5. Wastani wa vyote vinne 6.5. Chuo nilichoomba Uingereza kilitaka hiyohiyo 6.5, ila kilitaka pia pasiwe na kipengele hata kimoja chini ya 6.0. Nusu alama ikanila mwaka. Wenzangu wakapanda ndege mwezi wa tisa, mimi nikabaki napanda daladala la Tabata.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejiandaa. Nililipia masomo ya jioni kwenye kituo kimoja cha lugha hapa Dar, wiki tatu, na siku ya pili tu tukagawiwa karatasi zenye maneno 300. Tukaambiwa: pachika ishirini kwenye insha, msahihishaji atakuheshimu. Nikayakariri yote. Niliyakariri kwenye foleni, jikoni, hata kanisani Mungu anisamehe. Nikafanya mtihani, 5.5. Nikajiambia sijapachika ya kutosha, nikarudia na kupachika zaidi. 5.5 tena. Ada ya mara mbili imekwenda, na ada ile si hela ya kuchezea. Sitaki kukitaja kituo, lakini uchungu wake bado ninao.

Ila karatasi ile ilikuta shamba limeshalimwa. Mimi nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza mambo yote yakageuka Kiingereza. Kwenye midahalo ya shule, aliyepigiwa makofi hakuwa mwenye hoja. Alikuwa yule aliyesema neno ambalo hakuna aliyelijua. Tukakua tukiamini Kiingereza kizuri ni kile kisichoeleweka.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka mingi. Nilimpelekea insha niliyoandika kuhusu watu kuhamia mijini. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti:

"In this contemporary epoch, a plethora of denizens are migrating to metropolitan areas to ameliorate their livelihoods."

Akanyamaza. Akachukua penseli, akazungushia "plethora". "Mwanangu, neno hili umelisikia kwa nani?" Nikasema liko kwenye orodha. Akazungushia "denizens". "Na hili?" Orodha. "Epoch" je? Orodha. Kisha akaanza kunitafsiria sentensi yangu kwa Kiswahili, taratibu: "Katika zama hizi za usasa, mrundikano wa wakaazi unahajiri kuelekea majiji ili kutengeneza riziki zao." Akaniuliza, "Ungemwandikia hivi mtu unayetaka akuelewe?" Nilijisikia vibaya sana, nawaambia ukweli.

Halafu akanionyesha mstari wa chini, ambao nilikuwa nimeuandika bila kufikiri kwa sababu maneno ya orodha yalikuwa yameniishia: "Many young people leave because farming no longer pays." Akaupigia tiki. Akasema hapo ndipo nilipoandika Kiingereza. "Pay" analijua kila mtu, lakini kulitumia kwa kilimo kisicholipa, hilo linatoka kwa mtu aliyeizoea lugha. Na mistari miwili chini yake akakuta nimeandika "equipments", na s isiyotakiwa. Maneno makubwa juu, na chini yake kosa la kidato cha pili.

Ndugu zangu, tuelewane jinsi insha inavyosahihishwa. Insha ya pili, ile ya maneno yasiyopungua 250 ndani ya dakika 40, ndiyo yenye uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Inapimwa kwa mambo manne: kujibu swali, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi. Kila kimoja ni robo. Kwa hiyo hata msamiati ukiwa wa dhahabu, ni robo tu. Na ndani ya robo hiyo hakuna anayehesabu maneno magumu. Anayejaribu maneno yasiyo ya kawaida akayakosea, huyo ndiye wa bendi ya 6, yaani alama ya 6. Bendi ya 7 inataka uonyeshe kwamba unajua neno linakaa na neno gani na linafaa mahali gani. Ukikosea hapa na pale unavumiliwa.

Hili la neno kukaa na neno tunalijua sana kwa lugha yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga chafya. Mgeni akikwambia "nimegonga simu" unamwelewa, lakini unajua papo hapo kwamba ni mgeni, ingawa kupiga na kugonga ni karibu kitu kimoja. Au fikiria mtu aandike "mbuzi wetu amefariki dunia". Kufariki ni neno la heshima kuliko kufa, ndiyo, lakini ni la watu. Mbuzi amekufa. Sasa mimi insha nzima nilikuwa nafarikisha mbuzi.

"Plethora" lina harufu ya kupita kiasi, si wingi wa kawaida. "Epoch" ni la vipindi virefu vya historia. Karatasi yangu iliandika tu: plethora = many. Alama ile ya sawasawa ndiyo iliyonidanganya.

Baada ya pale nikanunua daftari jipya la kaunta. Sikuandika tena neno likiwa peke yake. Nikilikuta kwenye habari za BBC au kwenye vifungu vya mazoezi ya kusoma, naliandika na majirani zake: "heavy traffic", "heavy rain", "a severe shortage", "meet the demand", "widen the gap". Nisipolikuta angalau mara tatu, kila mara kwenye sentensi ya mtu mwingine, siligusi kwenye insha. Nikagundua pia kwamba maneno yenye thamani ni yale yanayotaja jambo lenyewe. Nilikuwa naandika "people wake up very early and spend many hours on the road going to work". Mtu wa Mbagala anayewahi Posta anayajua maisha hayo. Kiingereza kina neno lake: "a long commute". Si neno la kutisha, lakini limebeba sentensi yangu nzima, na mimi nilikuwa na maneno 300 kichwani bila hilo.

Kwa hiyo acheni kukariri orodha. Nasema tena, acheni. Neno usilojua jirani yake si lako bado, liache. Insha ukimaliza, isome kwa sauti. Ukifika mahali ulimi unakwama, hapo pana neno la kuazima, litoe. Na kabla ya kutafuta neno kubwa, hakikisha "advice", "information", "equipment" na "research" hazina s mwishoni.

Mara ya tatu swali liligusa makazi mijini. Mkono ukataka kuandika "exacerbate", yaani kulifanya tatizo kuwa baya zaidi. Nikasita, maana ni neno lililokuwamo kwenye ile orodha. Lakini kwenye kaunta yangu nilikuwa nalo mara nne, na mara zote nne lilikuwa limeshika tatizo: uhaba, mgogoro, umaskini, ugonjwa. Nikaandika "exacerbates the housing shortage", nikaendelea mbele. Ndilo neno pekee la orodha lililoingia kwenye insha yangu siku hiyo. Matokeo yakaja, kuandika 7.0. Nililia ofisini mbele za watu.

Mdogo wangu wa Morogoro, orodha sina, niliitupa. Nitumie insha uliyoandika mara ya mwisho, kama ilivyo, usiisahihishe. Kwenye kila neno ambalo hujawahi kulisikia kwa mtu wala kulisoma mahali zaidi ya kwenye orodha, weka duara la penseli, kisha ipige picha.