Reli ya Uganda: mpaka ndio uliohama

SWALI: Ndugu Mhariri, kitabu cha historia cha mwanangu kinaiita njia ya Mombasa hadi Kisumu "Reli ya Uganda". Mbona ipewe jina letu na iliishia Kenya? Na ilijengwa na kampuni gani? – Msomaji, Tororo

JIBU: Reli ilipofika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901, mahali hapo palikuwa Uganda. Mkoa wetu wa Mashariki ulienea hadi Naivasha. Ulikatwa na kutiwa upande wa Kenya tarehe 1 Aprili 1902, na jina likabaki kwenye mabehewa.

Kampuni ilijaribu, ikashindwa. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika kijireli cha inchi 24 kutoka Mombasa, kikaishia maili 7 hivi kwa kukosa fedha. Serikali ya Uingereza ikaichukua kazi yenyewe. Ujenzi ulianza 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, ukala zaidi ya pauni milioni 5. Toka Kisumu mizigo ya Uganda ilipanda meli. Kampala yenyewe ilipata treni 1931, daraja la Nile pale Jinja lilipokamilika.

SWALI: Kwa nini reli hiyo ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma? Nami nikipima kwa futi kamba napata zaidi. – Msomaji, Jinja

JIBU: Kwa sababu ya India. Huko upana huo ulikuwa wa kawaida, na ndiko walikotoka vichwa vya treni, mabehewa na vibarua zaidi ya 30,000. Upana wa Afrika Kusini, futi 3 na inchi 6, ungevuruga mpango huo wote. Mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia) mengi yalikuwa ya chuma, maana ya mbao ni karamu ya mchwa.

Kosa lako huenda ni kupima katikati ya reli hadi katikati ya nyingine. Pima ubavu wa ndani hadi ubavu wa ndani, chini kidogo ya uso wa juu, kama milimita 14. Kwenye kona kali usishangae kupata milimita kadhaa juu ya 1,000: njia hupanuliwa makusudi ili magurudumu yasikwame. Chagua basi kipande kilichonyooka, na uombe ruhusa stesheni kwanza.

Reli mpya inayopangwa kutoka Malaba hadi Kampala ni ya milimita 1,435, kwa hiyo mabehewa ya zamani hayataipanda.