Mapenzi ya kweli yanayotosha kuandikiwa riwaya

Umeuliza kama riwaya ya mapenzi kuhusu Hollywood ya enzi za filamu zisizo na sauti inaweza kuvutia bila wapenzi wa kubuni. Naamini inaweza, na ningeanza na Mary Pickford na Douglas Fairbanks, waigizaji nyota wa enzi hizo. Mwaka 1918, walipokuwa wakizunguka Marekani pamoja na Charlie Chaplin kuuza hati fungani za kugharamia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walikuwa tayari wakipendana kwa siri, ilhali kila mmoja alikuwa na ndoa yake. Mary alihofia kwamba watazamaji, waliozoea kumwona kama binti asiye na doa, wangemkataa. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha riwaya nzima. Alipata talaka huko Nevada mwezi Machi 1920, wakaoana kabla mwezi huo haujaisha, na mwanasheria mkuu wa jimbo akaipinga talaka hiyo mahakamani, ingawa hakufanikiwa. Watazamaji nao hawakumkataa: wakiwa fungateni jijini London, umati ulimsonga Mary kwa mapenzi hadi Douglas akalazimika kumbeba mabegani. Mwandishi makini angeipa siku hiyo sura yake peke yake, kisha aifuate ndoa hiyo hadi ilipovunjika mwaka 1936.